Presha ya Bi Mashavu

Vikokotoni, Mjini
Jumatatu, 4 Mei 1970

Dada yangu Mashavu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa kuchelewa kuandika. Sie huku wazima. Mwanapili na watoto wanakusalimu. Mchele wa foleni tumeupata juzi, mapande mapande lakini unalika. Mkweo Mabrouk nilikutana naye Darajani, ananambia mwanao Tabia kaja huko Chwaka kukutazama. Nikamuuliza, kumtazama dada yangu ana nini? Akainama akawa anavitazama viatu vyake. Basi niambie wewe. Kama ni uchovu, sema uchovu. Kama ni zaidi, mie ndiye ndugu yako wa tumbo moja na nnafanya kazi hospitali, japo kazi yangu ni bisibisi na nyaya.

Sasa nakuja kwenye jambo langu, na usicheke. Wewe hapo kwenye dispensari yako una mashine ya presha. Unampima mtu, unaandika, karatasi inakaa hapo hapo. Siku akiletwa mjini yu hoi, daktari anaanza kumuuliza moja na mbili kama mtu aliyeshuka melini. Nimemwambia Dk. Muhiddin kwamba mashine yako na kadi zetu zinaweza kuwa kitu kimoja, kwa waya wa simu ulio hapo kituo cha polisi. Kila Jumatatu asubuhi utapiga, utasoma vipimo vya wagonjwa wako, mie nitaviandika kwenye kadi zao. Mchana daktari atazipitia, nami nitakupigia kukupa neno lake. Kakubali! Mie, Simai, fundi wa kuziba pampu za maji!

Kila mgonjwa taja jina, jina la baba na umri. Kituo kingine walijaribu kutumia namba tupu, namba mbili zikapishana, na dawa ya huyu ikaenda kwa yule. Daktari hataki tena.

Nijibu upesi. Nasubiri kama mwenye deni.

Mdogo wako,
Simai Machano


Chwaka
Jumapili, 17 Mei 1970

Ndugu yangu Simai,

Marahaba, zote mbili. Barua yako imechelewa kwa sababu gari ya Nahodha ilipasuka mpira Dunga, akaiacha hapo na barua ndani. Huku tunajiandaa na Maulidi, na kina mama wamenipa kazi ya kupika kahawa kana kwamba sina kazi nyingine. Tabia yupo, ananisaidia nyumbani. Mie sina neno, msitafute maradhi yasiyokuwepo.

Simu yako ni jambo zuri, na ninasema hivyo kabla sijakugombeza. Wewe umewahi kuingia kituo cha polisi cha hapa? Simu iko juu ya meza ya koplo. Koplo mwenyewe amekaa nayo magoti kwa magoti. Dirisha liko wazi, na chini ya dirisha ndipo wanapokaa wanaume wakingojea samaki wapigwe mnada. Nisimame hapo nipige kelele, fulani binti fulani ana mimba ya miezi saba na presha yake kadha? Mja mzito hatangazwi mnadani kama changu na pono. Wenyewe wakisikia hawatakanyaga tena dispensari.

Nimezungumza nao. Wa presha na sukari wamekubali, wazee hao hawana cha kuogopa. Waja wazito watatu wamekubali, kwa sharti niseme polepole. Wengine wamekataa kabisa, na siwalaumu. Jicho la mtu si mchezo. Nitaanza nao hao waliokubali.

Mwanapili msalimie sana. Ulimi wake u mzima?

Dada yako,
Mashavu


Vikokotoni
Jumanne, 9 Juni 1970

Dada Mashavu,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu, homa ya watoto imepita. Ulimi wa Mwanapili u mzima na umekusikia. Dada, mpaka lini? Ile siku tulipoalikwa harusini alimwambia Tabia, "Tumbo hilo, mashallah, ni la pacha." Ni mwanamke gani asiyesema maneno hayo? Mimba kuharibika wiki ya pili yake ni kadari ya Mungu. Mwanapili alilia kuliko wewe, ila alilia jikoni, hukumwona.

Haya. Simu inafanya kazi mpaka nnaona haya kuisifu. Yule mzee wa Uroa mwenye sukari alipofikishwa hapa, kadi yake ilishatangulia. Daktari alimwita kwa jina kabla hajakaa. Mzee akageuka nyuma kutazama nani kamsengenya. Wiki jana mmoja wa waja wazito wako tulimwita kwa sababu ya presha, akaja, akalazwa, karudi kwake na mtoto mkononi. Ungekaa naye huko, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini Jumatatu ilopita umesoma watu, ukafika mwisho ukasema, "Mashavu binti Machano, miaka arubaini na saba, 145 juu ya 95." Kalamu ilinidondoka. Ukakata simu kabla sijauliza. Jana tena, 150 juu ya 100. Dk. Muhiddin kasema upunguze chumvi, ule vidonge nilivyompa Nahodha akuletee, upumzike, upimwe tena baada ya mwezi. Nimekusomea maneno hayo simuni, ukaitika "nshasikia" kama unayesomewa bei ya mafuta ya taa.

Sasa nafahamu kwa nini Tabia yuko huko. Ulisema huna neno. Dada, hilo si neno?

Simuni hapazungumziki, koplo amekuchungulia mdomoni. Niandikie.

Simai


Chwaka
Jumatano, 24 Juni 1970

Ndugu yangu Simai,

Nimefurahi kusikia homa imewatoka watoto. Hapa paa la jikoni limevuja, Tabia kalishika kwa ndoo mpaka nikampata mtu wa makuti. Mtoto huyu hatulii, namkataza kubeba maji hanisikilizi. Nimemwambia asitoke nje mchana. Jua kali.

Vidonge vimefika. Chumvi imepunguzwa. Usiwe na wasiwasi na mie, nnakula, nnalala, na juzi nimekwenda kwa miguu mpaka Marumbi kuzalisha na kurudi. Hayo mengine ya mashine ni mambo ya kupita.

Dispensari imepata dawa za malaria. Yule bibi wa kisukari anauliza kama daktari ataruhusu embe moja tu.

Nijibu habari ya embe.

Mashavu


Vikokotoni
Jumanne, 7 Julai 1970

Dada Mashavu,

Shikamoo. Embe nusu, si moja. Hilo limekwisha.

Mie ni mtu wa mashine, na mashine hainidanganyi. Mwenye presha ya 160 juu ya 105 hatembei mpaka Marumbi akarudi anasifia safari. Ama unanficha hali yako, ama mashine yako mbovu. Nimeiangalia mwenyewe kabla haijaja huko na zebaki yake ilikuwa sawa. Basi ni wewe.

Nilimkamata Mabrouk tena. Nikamwambia, mama mkweo anaumwa na nyote mnanificha, mie ni nani, jirani? Akasema, "Mjomba, nimekatazwa kusema." Nimekatazwa! Na nani? Akapanda baiskeli akaniacha nimesimama na kikapu cha ndizi.

Dada, mama yetu alianguka uani akiwa na umri kama wako. Ulikuwepo, nilikuwepo. Alikuwa akisema kichwa kinamuuma, nasi tukamletea limau. Hatukuwa na mashine wala simu. Leo tunavyo vyote viwili, nami nakaa mezani naandika kwa mkono wangu namba za dada yangu zinapanda kila wiki, na dada yangu ananiuliza habari ya embe. Unafikiri nnalala? Mficha maradhi kifo humuumbua. Sisemi kukutisha. Nakwambia kwa sababu nnaogopa.

Nimemwambia Mwanapili aje akae nawe, akusaidie pamoja na Tabia. Atakuja na gari ya Nahodha siku ya Ijumaa.

Simai


Chwaka
Alkhamisi, 9 Julai 1970

Simai,

Nakuandika haraka, Nahodha amewasha gari. Mwanapili asije. Namheshimu, ni wifi yangu, lakini asije. Nakuomba kwa haki ya mama yetu. Asije mtu yeyote kwa sasa. Mwezi ujao nitakuja mwenyewe mjini, nitakueleza.

Mashavu


Hospitali
Jumatatu, 20 Julai 1970

Dada Mashavu,

Barua hii anayo dereva wa gari ya wagonjwa, na gari iko mlangoni kwako. Usimlaumu, yeye katumwa.

Leo asubuhi umesoma 170 juu ya 110. Ukaongeza kwa sauti ndogo, "kichwa kinauma, na macho yanaona vimetameta." Halafu ukakata. Nimeichukua kadi yako mkononi nikaingia kwa Dk. Muhiddin bila kubisha hodi. Akaitazama akasema mwanamke wa umri huu akifika hapo, kinachofuata ni kiharusi. Nikamwambia, huyu ni dada yangu, hatakuja kwa miguu yake, ana kiburi cha ukoo mzima. Nikamwomba gari. Kaniuliza kama nnajua gari iko moja tu. Nikasema najua, na wiki jana mie ndiye niliyezitengeneza breki zake.

Umenikataza kumleta Mwanapili, nimekutii. Hili sikutii. Panda. Ukikataa, nimemwambia dereva amwite koplo, akubebe wewe na kiti chako. Tabia aje nawe, atakushika mkono njiani.

Mwezi ujao ni mbali mno. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mdogo wako,
Simai


Vikokotoni
Jumatatu, 3 Agosti 1970

Dada,

Shikamoo. Nimekaa siku kadhaa bila kuandika kwa sababu kila nikianza, maneno yanakuwa makali. Sasa yamepungua kidogo. Kidogo tu.

Siku ile nilisimama mlangoni mwa hospitali na kitanda cha magurudumu, nakungojea wewe. Nimeweka na mto. Gari ikafunguliwa, ukashuka kwa miguu yako mzima kama mti, umemshikilia Tabia, yeye povu mdomoni, meno yameuma ulimi. Dereva anasema degedege lilimshika mlipofika Dunga. Mie nikawa nauliza kama mjinga, "Dada, presha yako je? Presha yako je?" Ukasema, "Si yangu." Maneno hayo mawili tu. Tangu hapo hadi ulipoondoka hukusema la tatu, na mie sikukuuliza. Leo nasema.

Kina mama wa huko walikupa majina yao ukayasoma. Mtoto wako mwenyewe ukampa jina lako. Daktari aliona bibi wa miaka arubaini na saba, akasema punguza chumvi, rudi baada ya mwezi. Angejua ni msichana wa ishirini na mmoja mwenye mimba, angemtaka hapa Juni ileile, alivyomtaka yule mwingine. Wewe ni mkunga, dada. Hayo unayajua kuliko mie. Hilo ndilo linalonikaba.

Na lile gari lilikuja kwa bahati tu, kwa sababu nilidhani wewe ndiye unayekufa.

Haya, habari. Mtoto ni wa kike, mdogo, wamemfunika kwa pamba, ananyonya. Tabia mshono wake unapona. Macho yalimpotea siku tatu, nawe ulimwacha bado haoni, sasa anaona. Jana alisoma saa ya ukutani kutoka kitandani. Presha yake inashuka. Dk. Muhiddin anasema kapona.

Sasa lile gumu. Tabia hatakuja Chwaka kumaliza arubaini yake. Kasema atakaa hapa kwetu, na Mwanapili atamkanda na kumpikia uji wa pilipili manga. Nilimwambia, mwanangu, arubaini ya uzazi wa kwanza ni haki ya mama, utamvunja moyo. Akanijibu, nakuandikia kama alivyosema: "Mjomba, mama alinificha na hasidi, akanificha na daktari." Halafu akageukia ukutani, kama alivyokufanyia wewe.

Mwanapili hajasema neno baya juu yako. Nilitaka ulijue hilo.

Jambo la mwisho ni la kazi. Vipimo vyote vya Tabia viko kwenye kadi yako. Daktari anavitaka kwenye kadi yake, maana mimba nyingine ikija, atakayemtazama lazima ajue. Mie siwezi kuvihamisha kwa kusikia tu. Aliyevisoma ndiye avisahihishe, kwa simu ileile, siku ya Jumatatu. Nilipomweleza Tabia, akasema anataka kuwepo chumbani.

Simai


Chwaka
Jumatano, 12 Agosti 1970

Ndugu yangu Simai,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa mtoto na kwa macho ya mamake. Paa limekwisha kuezekwa. Yule bibi wa sukari kala embe zima, nimemgombeza.

Maneno yako nimeyasoma yote, hata yaliyokuwa makali. Nataka nikujibu moja moja, kisha tusiyarudie.

Nilijua. Juni nilipompima mara ya kwanza nilijua. Angekuwa mtoto wa mtu, ningempandisha gari la Nahodha siku ileile na kumfokea mamake. Lakini alikuwa Tabia. Nikajiambia nitapata dawa bila ya kutaja jina, na mimba ikitimia nitamleta mjini kwa siri. Mara ya kwanza ilitajwa ikaharibika, Simai. Unaweza kusema kadari, nami naamini kadari, lakini wewe hukuosha lile shuka. Nilimchukia Mwanapili kwa neno moja la furaha. Nikasema safari hii hakuna atakayejua, asijue mkewe Simai, basi asijue Simai, basi asijue na daktari. Kila mlango nilioufunga ulikuwa na sababu yake. Sikuona kwamba nimemfungia mtoto mwenyewe ndani.

Vidonge ulivyoniletea nilimpa yeye. Uliponiandikia habari za mama yetu kuanguka uani nililia, nikakaribia kukwambia. Sikukwambia.

Kuhusu arubaini: sina la kudai. Mwambie Mwanapili kwenye uji atie na hiliki, Tabia hapendi pilipili manga peke yake. Nimempa Nahodha kanga mbili, mafuta ya nazi niliyoyakamua mwenyewe, na pweza mkavu. Kanga moja ni ya Mwanapili.

Sasa ya Jumatatu. Unajua sehemu tu, maana uliniambia "nakuachia mwenzangu hapa," ukatoka ukafunga mlango. Basi nikuelezee.

Nilifika kituoni mapema. Wanaume walikuwa chini ya dirisha kama kawaida, mnada haujaanza. Koplo, nadhani aliniona uso, akainuka anataka kulifunga dirisha. Nikamwambia aliache. Wale kina mama watatu waliokubali mwanzo nao walikuja, mmoja na mtoto wake, sijui nani kawaambia, wakasimama mlangoni na mabuibui yao.

Nikasema kwa sauti, ile uliyoniomba siku zote niitoe: "Vipimo vyote vilivyosomwa kwa jina la Mashavu binti Machano si vyake. Mashavu hana presha. Ni vya Tabia binti Shaame, miaka ishirini na mmoja, mimba yake ya pili. Nilivisoma kwa jina langu kwa kuogopa jicho la watu. Ni mwanangu. Naomba viandikwe kwake."

Simuni sikusikia kitu. Nikadhani waya umekatika. Nikangoja, wapi. Nikasahau koplo, nikasahau watu, nikaita kama ninavyomwita akiwa uani: "Tabia!"

"Naam, mama."

Nikainamia meza. Koplo akanishika bega akaniletea maji.

Tabia akaniuliza, sauti yake ndogo bado, kama nina wagonjwa wengine wa kuandikwa. Nikamwambia wapo. Nikamsomea mmoja mmoja, na wale watatu wa mlangoni, kila mmoja alikuja mezani akalitaja jina lake mwenyewe.

Wasalimie wote, na Mwanapili umsalimie kabla ya wengine.

Dada yako,
Mashavu